Mwalimu Alanyo Santa, Aliyemfuata Mbunge Matangani

Wafiwa wenzetu, padre, shehe, walimu, majirani wa kambi na wa Port Bell, nanyi waheshimiwa mliowahi viti vya mbele, anayewasomea haya ni Abwola, mama mzazi wa marehemu, aliyeachia shule darasa la pili, kwa hiyo akikwama kwenye neno mvumilieni, hatakuwa analia, alishalia nyumbani.

Mwalimu Alanyo Santa alizaliwa tarehe 9 Mei 1973 huko Kitgum, binti wa marehemu Koplo Oyat wa polisi, na ubishi alizaliwa nao, maana alitanguliza miguu. Baba yake alipohamishiwa Kampala, akaanza masomo mwaka 1980 kwenye shule ya serikali ya kambi yetu ya polisi hapa Luzira, na mwaka 1986 mtihani wa darasa la saba ukamwangusha, majirani wakamshauri mama yake ampeleke akauze mandazi, lakini mwalimu wake akamrudisha darasani bila kumcheka, na mwaka uliofuata akapita. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba mtihani wa siku mbili unajua mtoto ni nani.

Baada ya sekondari alisomea ualimu, akahitimu mwaka 1995, na Januari iliyofuata akarudi kufundisha shule ileile, hakuhama tena. Tarehe 18 Desemba 1999 aliolewa na Fadhul, mpakiaji wa mabehewa bandarini, Mnubi na Mwislamu, koo zote mbili zikanuna, zikala pilau huku zimenuna, na Mungu akawajalia Jalia na Akram, ambao wanajua kusali kwa njia mbili na kubishana kwa njia zote.

Mwaka 2023 shule iliambiwa kwamba, kwa kuwa matokeo yake hayang'ai, itakabidhiwa kwa tajiri mmoja aiendeshe kwa karo, na kwamba ikitaka kupona, watoto wazito wa masomo waandikishwe kufanyia mtihani kwingine, wasichafue jina. Alanyo alisimama mbele ya wakubwa akasema mtoto si doa la nguo umgeuzie ndani, na akauliza kama hospitali iliyowafukuza wagonjwa wote ikabaki na wazima watupu, hiyo nayo tuipigie makofi. Yeye na walimu wenzake wakaenda kwa mheshimiwa mbunge wetu kumwomba aipinge hoja hiyo itakapofika bungeni, wakakalia benchi la ofisi yake mpaka karani akawazoea kama viti, mheshimiwa wasimwone.

Kisha akafa mpishi wa shule, na nani akatokea matangani na shati jeupe, akapewa kipaza sauti kabla ya watoto wa marehemu, ila yeye mheshimiwa. Alanyo akainuka kwenye mkeka wa wanawake akamuuliza mbele ya watu, kwa adabu ya Kiganda, ssebo, bwana mkubwa, siku wakiileta hoja ya kuuza shule yetu, utasimama upande gani, naye akacheka akasema, nyabo, mama, leo tunalia, siasa kesho, na kesho yake wakaikuta ofisi imefungwa. Basi Alanyo akaelewa kwamba mbunge hapatikani pengine, akawa anahudhuria kila msiba kuanzia hapa mpaka Bugolobi, akilia na watu asiowajua, walimu wenzake nyuma yake, hata mama yake akamwambia utazika Kampala nzima wewe, naye akajibu, mama, waheshimiwa hawa hawakosi penye maiti. Juni mwaka huu, kwenye msiba wa Bugolobi, mheshimiwa alichoka akamwahidi kwamba msiba wowote watakapokutana tena, atamjibu bila kuulizwa.

Sukari ilimsumbua tangu mwaka 2021, mwaka huu ikafika kwenye figo, akasahihisha madaftari kitandani mpaka kalamu ikamshinda, na alfajiri ya Jumatano tarehe 6 Agosti 2025 akafariki, Fadhul akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika, wenzake Fadhul wa bandarini waliobeba jeneza, na walimu, ambao wameacha nafasi yake wazi pale mkekani, tumeiona.

Kesho alfajiri tunamsafirisha Kitgum, na Kitgum wana mbunge wao, hatumjui, hatumdai. Hoja ya shule inasomwa bungeni Jumanne. Leo mheshimiwa wetu yupo, shati jeupe, kiti cha mbele, na familia imekubaliana kwamba sanduku halitainuliwa kabla hajasema. Kipaza sauti kinakuja kwako, ssebo, huyu hapa umemkuta msibani kama ulivyotaka, na safari hii hataweza kukukatiza.

Mwanangu Alanyo, pumzika kwa amani, lakini ngoja kidogo, kwanza tumsikie.