Julai Ambayo Haikuwa ya Mbale

Wafugaji wenzangu, habari zenu. Mlipofumba macho kuomba, yangu yalikuwa wazi. Ndivyo nilivyo, kila kitu nakihoji. Kwetu Kimaka, kule Jinja, baba alinichapa sana kwa sababu ya "kwa nini" zangu. Lakini leo sikuja kuuliza. Nimekuja kusema nilivyoanguka.

Nilipomaliza chuo kikuu nilihamia hapa Mbale, sina kazi. Nikagundua mtandaoni kuna vitabu vinavyouzwa pamoja na ruhusa: nunua, badilisha maneno, weka jina lako, uza. Ndugu zangu, sikuiba. Ruhusa ninayo mpaka leo. Nilichukua kimoja cha kulea vifaranga, nikakigeuza Kiswahili kwa siku tatu. Palipotajwa mji wa ng'ambo, nikaweka Mbale. Nyuma nikabandika picha yangu nimevaa joho la mahafali. Kifaranga chenyewe sijawahi kukishika!

Kilinunuliwa. Mnunuzi mmoja alikuwa afande mstaafu wa hapa Nabuyonga. Siku moja akanipigia: "Njoo nyumbani. Sasa hivi."

Nilimkuta bandani. Vifaranga walikuwa wamerundikana kwenye kona, wengi wamekufa. Jiko la makaa la kuwapa joto lilikuwa nje, limepoa. Akanisomea ukurasa wangu kwa sauti: "Julai ni mwezi wa joto kali. Ondoa jiko, fungua pande zote za banda."

Akaninyooshea kidole. "Wewe Julai hii iko wapi?"

"Hapa hapa Mbale, afande."

"Sasa umevaa nini?"

"Koti, afande."

Nikathubutu kumuuliza: kama alijua kuna baridi, kwa nini alifuata?

"Mimi askari. Kitabu imetoa amri, na nyuma iko picha ya mtu wa digrii. Nikasema huyu anajua kitu mimi sijui."

 Mimi niliyewahoji wachungaji, masheikh na baba mzazi, sikuuliza kuhusu mwezi mmoja tu. Ile ilikuwa Julai ya huko kitabu kilikoandikwa kwanza, wanakotoka jasho wakati sisi tunajifunika blanketi.

Nilingoja adhabu ya kambini. Badala yake akauliza, "Nani mwingine iko na hii kitabu?" Akawasha pikipiki yake, nikapanda nyuma. Tulipita nyumba kwa nyumba. Wawili walikuwa wameshatoa jiko asubuhi ile. Tukalirudisha, vifaranga wakapona. Wa mwisho alikuwa mama mmoja. Nikaanza kumweleza, machozi yananilenga.

"Kitabu gani? Kile?" akasema. "Mwanangu, nilifika hapo pa Julai nikacheka, nikakichana, nikawashia jiko la vifaranga."

Afande alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikaa chini palepale, nikacheka pia, pumzi ikanirudia.

Tangu hapo kila asubuhi niko bandani kwa afande. Naandika ninachokiona, nisichokiona namuuliza mama yule, naye hukata mistari yangu bila huruma. Afande, mama, nawaona mmekaa hapo mbele: asanteni nyote wawili. Mngeweza kunifukuza mjini.

Vijana wenzangu, ukiweka jina lako chini ya maneno, yuko mtu atakayeyafuata mpaka bandani mwake. Nenda wewe kwanza.

Leo kabla ya kuja hapa nilipitia kwa vifaranga wapya. Nilivaa koti. Jiko linawaka, na wote wako hai.