Wa Kumkanyagia Mafuta

Hapa kwa benchi ya kahawa Uthiru tuko watatu: mimi, Wakili, ambaye kortini alienda mara moja na akafungwa, na Daktari, fundi wa simu. Mbele yetu ni geti ya Mzee Ndambuki. Iko wazi, na wiki nzima tunamwona akihangaika na gari yake, Pijo ya sabini na nne. Anaketi kwa usukani, anakanyaga mafuta, injini inanguruma. Anatoka mbio na spana hadi kwa boneti, lakini akifika mlio umeshashuka. Anarudi. Jumamosi anataka iwe sawa, aiendeshe hadi Machakos kwa kaburi ya mkewe, Mama Mwau. Ni mwaka mmoja tangu tumzike.

— Haifiki hata Westlands, Wakili akasema. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hiyo injini iko na ufa.

— Zii! Daktari akaruka. Ni mafuta ya siku hizi. Nusu ni maji ya mto.

— Na hizo mbio? Wakili akauliza.

— Mazoezi ya presha, buda.

— Wacha! mimi nikadakia. Hiyo gari ni kama ng'ombe. Ilizoea mama, sasa imekosa harufu yake, imegoma.

— Si aiuze basi! Wakili akasema. Mwenda pole hajikwai, na huyu anakimbia na patipati miguuni.

Tukacheka. Mimi ndiye nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Nasimiyu, mpangaji aliyehamia juzi ploti ya nyuma, alikuwa amesimama hapo akingoja kahawa yake.

— Samahani, wazee. Mama akiwa hai, nani alikuwa anakanyaga mafuta, Mzee akiskiza injini?

Hiyo tulijua. Miaka yote tulimwona Mama Mwau kwa usukani, kitambaa kichwani, bwanake akiita kutoka kwa boneti: ongeza, punguza, hapo hapo!

— Mama mwenyewe, Daktari akasema.

— Na sasa ni nani?

Wakili akaangalia kikombe. Daktari akatoa simu mfukoni, akairudisha. Mimi nilisimama. Geti iko hatua ishirini tu, na kukanyaga mafuta hata mtoto anaweza. Lakini niliona aibu, maze. Ningeanzia wapi, na wiki nzima Mzee ananisikia nikimcheka?

Nikaketi. Injini ikazima, na Mzee akarudi kwa usukani kuanza upya.