Mafunjo Yalipotufungia Ziwani

Nawasalimu katika jina la Yesu, ndugu zangu. Wazee wangu wa usharika, shikamooni. Nimeomba nafasi hii kwa sababu Mungu alinitoa mahali ambapo sikutegemea kutoka, na jambo hilo nimelibeba kifuani miaka mingi.

Mimi ni mzaliwa wa Nyabiyonza, mtoto wa wakulima wa ndizi na kahawa. Maji niliyaogopa tangu utotoni. Hata kisimani nilichota huku mkono mmoja umeshika nyasi. Nikaolewa upande wa Nkwenda, na mwanzoni mwa miaka ya themanini mvua ya mawe ikapiga shamba letu. Kahawa ilikuwa kwenye maua, yote yakapukutika. Migomba ikalala chini. Na nyumbani tulikuwa na binti yetu Anitha, ndiyo kwanza anatambaa.

Ndipo akaja shemeji yangu Domisiani, mdogo wake mume wangu, ambaye alikuwa mvuvi. Alisema kuna kisiwa katikati ya ziwa, kimezungukwa na mafunjo, na kando yake wamo samaki wanene wenye mikia ya njano. Twende tukae siku kadhaa, wao wavue na mimi nibanike, turudi na mzigo. Mume wangu akakubali. Moyo wangu ulikataa, lakini ningesema hapana tungekula nini? Anitha nikamwacha kwa mama mkwe.

Ndugu zangu, katika mtumbwi ule nilikaa katikati nimeshika kingo zote mbili, naangalia miguu yangu tu. Kufika kisiwani tulipita kwenye mlango mwembamba wa maji kati ya mafunjo. Shemeji akatuonya tusipige kelele, maana humo alikaa kiboko jike mwenye ndama. Alikwisha kupasua mtumbwi wa mtu ambaye shemeji alimfahamu, na mtu yule hakuonekana tena.

Samaki tulipata, siwezi kusema uongo. Wanaume waliuzunguka ule ukingo wa kisiwa na nyavu, mimi nikabanika. Lakini kila maji yaliposhtuka nilisimama, nikahesabu vichwa viwili kwenye mtumbwi, ndipo nikakaa tena.

Kisha homa ikamshika mume wangu. Ilianza kwa kutetemeka, na kulipokucha hakunitambua. Alikuwa ananiita kwa jina la bibi yake aliyekwisha kufa. Shemeji akasema tuondoke sasa hivi. Tukamlaza kwenye mtumbwi juu ya samaki, tukaelekea kwenye ule mlango.

Mlango haukuwepo.

Mafunjo ya kule hayana mizizi chini, yanaelea, mengine mapana kama shamba. Upepo ulikuwa umeyasukuma, yakaja yakaziba. Mbele yetu palikuwa na ukuta wa kijani, mrefu kuliko mtu. Tukazunguka kisiwa chote hadi jua likawa kichwani, hakuna pa kutokea. Shemeji akajaribu kukata kwa panga. Alikata mpaka viganja vikatoka damu, na kila alipokata, mengine yalikuja yakajaa. Mwishowe akaketi. Akatoa mfukoni kahawa yake ya kutafuna akaitupa majini, akimwomba Mugasha, yule ambaye wazee wetu walisema ni mwenye ziwa. Sikumsema. Mimi mwenyewe meno yalikuwa yanagongana. Nilikishika kichwa cha mume wangu, cha moto kama chungu, nikasema, "Bwana Yesu, naogopa. Anitha atabaki na nani?" Sikuwa na maneno mengine.

Maji yakavimba. Masikio yakatokea kwanza, halafu macho. Alikuwa ni yule kiboko, na ndama nyuma yake. Shemeji akanong'ona tusijitikise. Kiboko akazama. Mapovu yakaja upande wetu, yakaja, na mtumbwi ukainuka kidogo. Ndugu zangu, mgongo wake niliusikia ukikwaruza ubao chini ya miguu yangu! Nikafumba macho nikingoja kufa.

Nikasikia mafunjo yanavunjika. Nilipofumbua, kiboko alikuwa ameingia kwenye ule ukuta na ndama wake, anausukuma kwa kifua, na nyuma yao palibaki mfereji wa maji meusi.

Nikasema, "Shemeji, tumfuate."

"Akigeuka je, Mama Anitha?"

"Akigeuka tutakufa njiani. Tukibaki, kaka yako anakufa hapa."

Alimwangalia kaka yake, akachukua upondo. Mimi nikashika kafi, mimi ambaye sikuwahi kuligusa. Tukaingia. Mafunjo yalitugusa mabega pande zote mbili, na nyuma yetu yalikuwa yanajifunga. Mbele tulimsikia akipumua. Alipotulia, tulitulia. Alipokwenda, tulikwenda. Siwezi kuwaambia ilichukua muda gani. Ghafla mwanga ukafunguka, maji mapana! Kiboko akakata kushoto na mtoto wake, akageuza kichwa akatutazama, nasi tukapita.

Ng'ambo watu walimbeba mume wangu kwa machela hadi zahanati. Ndiye yule ameketi upande wa wanaume, ana mvi sasa. Shemeji Domisiani naye, Jumapili moja alikuja mwenyewe na mkewe, wakaandikishwa darasa la ubatizo.

Wapo walioniambia kwamba kiboko hufungua njia kila siku, ni kazi yake. Ni kweli. Lakini tulikuwa tumekizunguka kisiwa kile asubuhi nzima, na alifungua pale, saa ile, nikiwa bado nina jina la mtoto wangu mdomoni. Namshukuru Mungu wangu.

Mpaka leo naogopa maji. Mungu hakuiondoa hofu yangu ndipo anisikie. Kwa hiyo wewe uliyeketi hapa umefungiwa, usingoje upate ujasiri kwanza. Mwite huku ukitetemeka. Mimi niliita hivyo hivyo, na nimesimama mbele yenu. Amina.