Vichwa Vilivyokosa Aya

Nilikaa nyuma yao katika taksi ya abiria wengi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwenda mjini Mbarara. Émérance, Mrundi muuza sabuni, aliona kitabu cha Kiingereza mapajani mwa jirani asiyemjua, akaanza kufundisha bila kuombwa.

"Papa, na wewe unakwenda kufanya mtihani wa Kiingereza wa kuingia chuo? Usisome habari yote. Soma kwanza vichwa walivyoorodhesha, halafu kila aya uipe kichwa chake."

"Nilifanya vile mwaka jana," akajibu Rwakabuba, Mkongomani wa Kivu Kusini. "Lakini aya zilikuwa saba, bichwa kumi. Bile bitatu bilikosa fasi, nikabiingiza mu aya za bengine."

"Ndiyo maana ulianguka. Vya ziada vinaachwa nje."

"Kwetu mu kambi tunapokea mutu kwanza, nyumba tunatafuta kisha."

"Ni vichwa vya habari, papa, si wakimbizi," alisema, kwa upole wa mtu ambaye naye anarudia mtihani.

Tulipofika Mbarara, taksi ikasimama mtaa wa Nyamitanga, mbele ya ukumbi wa mtihani. Mlinzi alikuwa akifunga geti huku akitangaza: viti vimejaa, waliobaki warudi mwakani.

Rwakabuba akamgeukia mwalimu wake. "Mama, sasa sisi ni bichwa ao ni batu?"