Fundi wa Herufi Zenye Viatu

Ndugu, majirani na mafundi wenzake, marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tano wa fundi viatu, akalelewa chini ya meza ya baba yake kati ya soli na misumari, na mambo ya viatu hayakumtoka kichwani hadi juzi.

Shule ya msingi alisoma kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, hesabu zilimpiga chenga, tusimsingizie, ila mwandiko wake hata mwalimu aliuonea wivu. Tarehe 4 Januari 1966 aliajiriwa na kiwanda cha uchapaji, akipanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa mkono, na huko ndiko alikozipenda zile za kizamani, zenye mistari minene na myembamba kama ya kalamu ya wino, na vijiguu mwisho wa kila mstari, ambazo alisema zimevaa viatu. Nyingine zote aliziita pekupeku. Alizipangia vyeti, vitabu vya sala, kadi za harusi na matangazo ya vifo, kwa kuwa hazipigi kelele wala hazichoshi jicho, lakini mteja aliyezitaka kwa tangazo la dawa ya panya alijibiwa, "Bibi wee, panya hasomi, chukua pekupeku," mkuu wa kiwanda akabaki kuomba radhi.

Jumamosi tarehe 17 Agosti 1974 alifunga ndoa na mshona vitabu wa kiwandani hapo. Kadi aliipanga mwenyewe siku tatu, ikatoka nzuri hata watu wakaitundika ukutani, ila hakuna aliyeona, yeye akiwa wa kwanza, kwamba hakuandika saa, hivyo wageni wakamiminika tangu asubuhi hadi magharibi, na bibi harusi akasimama kusalimia mpaka miguu ikavimba. Hakumsamehe maisha yote, kila akichelewa kurudi aliambiwa, "Najua, mume wangu, saa haikuandikwa."

Walijaliwa binti mmoja, tarehe 2 Mei 1977, aliyejifunzia kusoma kwenye mapaja ya baba yake. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1996, herufi zikasubiri kuyeyushwa, marehemu akaomba sanduku moja badala ya sherehe ya kuagwa, akaliweka uvunguni, na mkewe akaliita mke mwenza, maana lilipanguswa kila Ijumaa na yeye hakupanguswa.

Novemba 2020 alipooza mkono wa kulia, ndipo hofu ikamwingia, si ya kufa, bali ya kuagwa kwa herufi pekupeku za kompyuta. "Mama, kadi yangu itoke sandukuni, niahidi," alimwambia mkewe, naye akajibu, "Itatoka, ila nitaikagua mimi." Alifariki hospitalini Jumatano tarehe 9 Juni 2021, saa nne asubuhi, mkewe akiwa ameushika mkono ule usiosikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akikosoa vibao vya wodi, majirani waliokesha nasi, na wachapaji wenzake waliotuletea wino na mashine ya mkono. Kadi mliyoshika imepangwa na binti yake kwa siku mbili, vidole vyake bado ni vyeusi, na mama yake alipopewa ya kwanza hakutazama jina, alishuka moja kwa moja hadi chini, akasoma, "Saa nane mchana," akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Pumzika kwa amani, fundi, umeagwa na viatu vyako, na saa imeandikwa.