Barua Niliyoambiwa Nisimwonyeshe Mtu

Wazee wangu, shikamooni. Nanyi wenzangu, Bwana asifiwe. Mwaka ule tuliokula ugali wa mahindi ya manjano ya msaada, nilisimama papa hapa nikaomba mniombee kwa jambo la nyumbani. Mkaniombea bila kuuliza. Leo nalitaja jambo lenyewe.

Nilikuwa nakuna nazi kwangu Junju, akaja mwanamume wa suruali ya kaki na viatu vilivyong'arishwa. Akaniamkia vizuri, akasema katumwa na polisi, akatoa barua. Mimi kusoma sijui, mwajua, basi akanisomea mwenyewe. Mwanangu, yule mpishi wa hotelini Malindi, eti kashikwa na bangi, na faili litafungwa nikitoa dhamana upesi. Nikimwambia mtu yeyote, hata mchungaji, kesi itapelekwa Mombasa, na nikionekana kituoni nitakuwa nimekiri.

Nikaomba niione karatasi. Chini palikuwa na muhuri wa duara. Ndugu zangu, nawaambia, muhuri mimi niliujua: kwenye cheti cha ubatizo, kwenye kibali cha kumzika mume wangu. Kwangu mimi muhuri ndiyo serikali. Nikaamini.

Marehemu aliniachia minazi kumi na minne. Nyinyi wa bara huenda hamjui: kwetu shamba laweza kuwa la ukoo na mnazi ukawa wako, ukauweka rehani peke yake. Minazi ile ndiyo iliyokuwa mahari ya mwanangu, na posa tulikwisha peleka. Nikaiweka rehani yote kwa jirani, nikampa yule bwana alichotaka. Akarudi na barua ya pili, nikauza mbuzi. Wifi yangu, tunayekaa naye ua mmoja, akaniuliza mbona macho mekundu. Nikamwambia ni moshi.

Mtasema, mbona hukupanda gari ukaenda Malindi? Niliogopa. Na tena niliona haya, mimi mama wa kanisa kuwa na mtoto wa bangi. Aibu ile ndiyo iliyonifunga mdomo kuliko vitisho vyake.

Mara ya tatu hakunikuta. Akaiacha barua mlangoni, akamwambia jirani atarudi Ijumaa kuchukua jibu. Wifi akaiokota. Alikuwa anasoma ngumbaru, madarasa ya watu wazima, basi akakaa chini na kidole chake, herufi moja moja, mpaka akamaliza.

"Wifi," akaniambia, "muhuri huu si wa polisi. Ni wa chama cha korosho, kile kilichokufa."

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Kesho yake alfajiri akaenda Malindi, na jioni akarudi na mwanangu, mzima, hajashikwa na askari hata siku moja. Kijana alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akawaona watu wa jirani wakiangua nazi zetu, kicheko kikamwisha.

Ijumaa yule bwana akaja. Wifi akamkaribisha kiti, akamwambia, "Twende sote kituoni, ukatuandikie risiti huko." Akasema anaifuata baiskeli yake barabarani. Hajarudi hadi leo.

Tulikwenda kituoni wenyewe na barua. Sajini mmoja akatuambia dhamana hulipwa kituoni au kortini, nawe ukapewa risiti, na askari wa kweli hakukatazi kumuuliza mkubwa wake. Maneno mepesi hayo. Ningeyapata siku ya kwanza kama ningeuliza.

Minazi mitano tumeikomboa. Ile tisa muda wake ulipita, imekwenda. Na yule binti tuliyemposa, wazazi wake walichoka kungoja, akaolewa Jilore. Mwanangu hajanilaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Namshukuru Mungu. Namshukuru wifi yangu, yule pale nyuma anayeinamisha kichwa. Nawashukuru nyinyi mlioomba msichokijua. Funzo langu ni dogo: barua inayokukataza kuionyesha, ionyeshe.

Nasikia mtu wa suruali ya kaki ameonekana upande wa Rabai. Kama humu ndani yumo aliyeambiwa anyamaze, asisimame mbele ya watu. Aje kwangu baada ya ibada na barua yake. Sitamuuliza mwanawe kafanya nini. Tutakwenda kituoni wawili.