Mikono Iliyonishika Goti

Tumsifu Yesu Kristu, ndugu zangu! Mimi ni Mama Festo wa Maguu, na leo nimekuja mbele yenu kwa miguu yangu miwili.

Mwaka ule tulipohamia kijiji cha ujamaa, goti langu la kulia lilikuwa limekwisha kwa baridi yabisi. Pia ya goti ilitoka mahali pake ikakaa upande wa nje, na nikitembea ilitambaa chini ya ngozi kama panya. Nilivumilia. Kisha mchana mmoja, nikitoka shambani kwenye ukungu, nikasimama nipumzike, na nyuma yangu nikasikia hatua moja ya mtu ikizidi zangu. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Tangu siku hiyo, kila niliposimama, hatua moja ilizidi.

Nilikwenda kwa mganga mmoja kule Mpepai. Akaniuliza nani alinishika goti mara ya mwisho. Nikamtaja wifi yangu Skola, aliyekuwa akinikanda kwa maji ya moto. Mganga akasema, "Basi huyo ndiye anayetembea na mguu wako."

Ndugu zangu, nililibeba neno hilo hadi kijijini! Watu wakaacha kumpa Skola moto, wakaacha kuchota naye maji. Wazee wakaanza kusema afukuzwe. Nami nilinyamaza, na zile hatua zikazidi kunikaribia.

Siku moja nilianguka nikashindwa kuinuka. Mume wangu na jirani wakanibeba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Daktari akasema mifupa imesagika, atapasua, asafishe, airudishe pia ya goti mahali pake. Asubuhi yake nikapewa dawa ya usingizi. Humo usingizini nilimwona Skola ameketi miguuni pangu, amenishika goti kwa mikono miwili, baridi kama maji ya mtoni. Nilipozinduka nikamuuliza muuguzi yule mama amekwenda wapi. Akaniambia hakuna mama aliyeingia.

Niliporudi, nilimwomba Skola msamaha mbele ya wazee, nikamsimulia nilivyomwona usingizini, nao wakaliacha lile shauri. Akalia, akasema, "Asubuhi ile nilikuwa nachuma kahawa. Mikono ikaniganda, wifi. Nikakaa chini ya mbuni nikakuombea, bila kujua kwamba saa hiyo unapasuliwa."

Goti halikunjiki vizuri hadi leo, lakini hatua zile sijazisikia tena.

Namshukuru Mungu aliyeniponya mguu, na zaidi aliyeniokoa na ulimi wangu. Wewe uliyekaa hapa na jina la mtu moyoni, mtumaini Yeye. Tukitoka kanisani, nenda kwa mtu huyo. Ukiogopa, nitakusindikiza.